Chombo cha safari ndefu huanza kuandaliwa Meru na Embu

Kila mwaka kaskazi ikikaribia, hunijia vijana wa kwetu mwambao na swali moja. Wana jahazi au mashua, wanataka kushuka Pemba, Unguja na Mafia, pengine wafike Kilwa au Ngazija, na wakae ugenini miezi minne hadi sita. Waanzie wapi? Wengi hutarajia niwatajie fundi wa tanga au muuza dira. Mimi huwaambia wapande gari waende Meru na Embu.

Jibu hilo huwachekesha, kwa kuwa huko hakuna bahari. Lakini mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwanunulia wenye vyombo mbao na nafaka kutoka miteremko ya Mlima Kenya. Nimeona vyombo vikirudi salama na vingine vikikwama bandari za watu. Mara nyingi tofauti yao ilikuwa katika maandalizi yaliyofanywa nchi kavu, miezi mingi kabla ya tanga kupandishwa, na upepo haukuwa na lawama.

Meru na Embu hutupa vitu vitatu vinavyohusu safari hizi: mbao, chakula na majani ya kutafuna. Viwili vya kwanza vikitayarishwa vizuri huokoa maisha. Cha tatu, yaani miraa na muguka, kikipanda chomboni kinaweza kuwafunga nyote. Nimeandika mwongozo huu kwa mpangilio wa kazi zenyewe, ili mwenye nia aufuate hatua kwa hatua.

Upepo ndio kalenda

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, jua unatoka lini na utarudi lini. Kaskazi hutulia Desemba na kuendelea hadi Machi, nayo ndiyo ya kushukia kusini. Kusi huanza Aprili na kukaza Juni hadi Agosti, nayo ndiyo ya kurudia nyumbani. Anayekwenda kaskazini, kuelekea Somalia na Arabuni, huondoka kusi inapoanza au hungoja demani, kusi inapopungua makali. Katikati ya kusi, pwani ya Somalia si mahali pa chombo cha tanga.

Anayedharau kalenda hii akumbuke yaliyompata Vasco da Gama. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo hapo, akaiona nchi ya India Mei 18. Hazikufika siku 25. Kurudi hakungoja kaskazi. Aliondoka upande wa India mwanzoni mwa Oktoba, akapigana na shwari na pepo za mbele kwa karibu miezi mitatu, na hakuiona pwani ya Afrika hadi Januari 1499. Watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, na baada ya Malindi ilibidi aichome merikebu moja, São Rafael, kwa kuwa hakuwa na mabaharia wa kutosha kuziendesha zote. Bahari ilikuwa ile ile na nahodha yule yule. Kilichobadilika kilikuwa mwezi wa kuondoka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Miezi ya kaskazi ndiyo pia miezi ya tufani kusini mwa Bahari Hindi, tangu Novemba hadi Aprili, na mara nyingine hupitiliza. Tufani Kenneth iliipiga Ngazija na Cabo Delgado mwishoni mwa Aprili 2019. Hidaya ilifika Mafia na pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, mahali ambapo watu hawakuzoea kuiona. Chido iliharibu vibaya Mayotte na kaskazini mwa Msumbiji Desemba 2024. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: hadi Mafia na Kilwa nenda na kaskazi, lakini usivuke bahari wazi kwenda Ngazija bila kupata utabiri wa kila siku wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na wa kituo cha La Réunion, ambacho ndicho kinachofuatilia tufani za eneo hili.

Mbao: za kununua na za kuziacha

Ukishajua mwezi wa kuondoka, hesabu kurudi nyuma mwaka mmoja na nusu. Hapo ndipo unaponunua mbao. Kanuni ya mafundi ni kwamba mbao hukauka kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao ya inchi moja na nusu inayokatwa leo haifai chomboni hadi baada ya miezi 18. Iliyowekwa mbichi itasinyaa, mishono itafunguka, na mtafua maji usiku na mchana.

Nianze na zile ambazo hazitoki bara. Mkuku, mataruma na mbao za chini ya maji waachie mafundi wa pwani na miti waliyoizoea: mbambakofi, mvule, mtondoo, mwembe, na mkomafi kwa mataruma. Miti hiyo imejaribiwa katika maji ya chumvi kwa karne nyingi. Usimkubali muuza mbao wa mjini akikwambia mgrivea ni sawa nayo. Mgrivea umejaa katika mashamba ya kahawa ya Embu na Meru kwa sababu hukua upesi na bei yake ni nafuu. Ni mzuri kwa masanduku, rafu, vitanda vya mabaharia na vigawanyo vya ghala, lakini ukikaa kwenye unyevu huoza haraka.

Mringaringa, ambao wenyeji huuita muringa, ni bora zaidi kwa kazi za juu ya maji. Kiini chake kinastahimili mchwa, na ndiyo sababu wafugaji nyuki wa huko huchonga mizinga kwa mti huo. Milango ya sitaha, makasha na viti vya chombo nimevitengenezea kwa mringaringa na vikadumu. Mti wa muuru, unaojulikana sokoni kwa jina la Meru oak, ni wa asili ya nchi yetu na umepungua sana. Ukiuziwa, taka kujua umetoka shamba la nani. Mkaratusi mrefu ulionyooka unaweza kufaa kwa foramali, ila uwe umekaushwa polepole na ncha zake kupakwa rangi, kwani ni mti wa kupasuka.

Mkulo ni habari nyingine. Ni mti wa harufu kali, mgumu kuoza, na wazee waliupenda. Lakini ukataji wake haramu ndio uliotoboa misitu ya Mlima Kenya. Uchunguzi wa ndege uliofanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mwaka 1999 uliuonyesha uharibifu huo waziwazi, na mwaka 2000 msitu wote ukatangazwa hifadhi ya taifa. Akija mtu usiku na lori la mkulo wa bei poa, mfukuze. Mbao zikikamatwa njiani unapoteza mbao na fedha, na pengine unafikishwa mahakamani.

Kwa mbao halali za shambani, hakikisha mwenye shamba ana ruhusa ya kukata, na uwe na kibali cha kusafirisha kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya. Nakala yake ihifadhi. Utaulizwa njiani, na huenda ukaulizwa tena utakapofika bandarini na shehena ya mbao za akiba. Za akiba lazima ziwepo: angalau mbao nne ndefu, vipande vya kutengenezea usukani, na boriti moja ya kuunganishia foramali ikivunjika.

Kukiweka chombo sawa

Miezi sita kabla ya safari, chombo kipandishwe ufukweni wakati wa bamvua na kikaguliwe mbao moja moja. Fundi agonge kwa nyundo huku akisikiliza. Mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Kalafati ya zamani itolewe, pamba mpya iingizwe, misumari iliyokula kutu ibadilishwe. Kisha deheni, yaani chokaa na mafuta, ipakwe chini yote. Deheni huzuia wadudu wanaotoboa mbao majini, na katika safari ya miezi sita itabidi ipakwe tena angalau mara moja. Panga mapema ni ufukwe gani wa ugenini utakaopandisha chombo, na umwombe ruhusa mwenyeji.

Tanga moja halitoshi. Wazee wetu walibeba tanga kubwa la pepo laini na dogo la pepo kali, na hekima hiyo haijapitwa na wakati. Beba pia nguo ya kuwekea viraka, sindano na uzi uliotiwa nta. Henza na demani ziwe mpya, na za zamani zibaki akiba. Nanga ziwe mbili, na amari iwe ndefu mara tano ya kina cha maji mnapotarajia kulala, au zaidi. Mashine ya kusaidia ni jambo jema, lakini chombo kijaribiwe pia bila mashine, kwa kuwa mafuta huisha na vipuri havipatikani kila kisiwa.

Wanaodhani chombo kikubwa hakihitaji haya wakumbuke merikebu Sultana ya Sayyid Said. Ilitoka Unguja Februari 1840 chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikatia nanga New York Aprili 30. Ilifika imechakaa mno hata serikali ya Marekani ikaitengeneza katika karakana ya jeshi lake la majini, na haikuondoka hadi Agosti. Ilikuwa merikebu ya mfalme, ikapata wenyeji wakarimu. Jahazi la Lamu likifika Mtwara linavuja halina mwenyeji wa aina hiyo.

Mfano wa karibu ni Flipflopi, chombo cha mita tisa kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyotumika, fundi wake mkuu akiwa Ali Skanda. Kilizinduliwa Septemba 2018, kikaenda Unguja mwanzoni mwa 2019, na mwaka 2021 kikazunguka Ziwa Viktoria kupitia Kenya, Uganda na Tanzania. Walianza na njia ya wazee wao, bandari kwa bandari, ndipo wakaenda maji wasiyoyajua. Nawe fanya hivyo. Kabla ya kuvuka mpaka, toa chombo siku tatu katika maji ya nyumbani ukiwa na shehena yote na watu wote. Kitakachovunjika na kivunjike huko.

Chakula na maji

Hapa ndipo Meru na Embu zinapokuwa ghala letu. Nafaka na kunde za mvua za masika huvunwa huko Julai na Agosti, kwa hiyo Septemba ndio mwezi wa kununua kwa anayeondoka Desemba. Ndengu, mbaazi, mtama na wimbi hutoka Mbeere na Tharaka, sehemu kavu ambazo nafaka yake hukauka vizuri. Maharage hutoka Meru na Embu zote mbili. Mchele wa Mwea upo njiani ukielekea Embu. Viazi vya Kibirichia na vitunguu vya Timau hudumu wiki kadhaa vikitandazwa mahali penye hewa. Majani ya chai ya Rukuriri na Mungania ni mepesi kubeba, na asali ya Mbeere ni chakula na dawa pia.

Hesabu ya chakula si ya kukisia. Kwa mabaharia wanane, kila mtu gramu 400 za mchele au unga na gramu 150 za kunde kwa siku, siku 30 zinahitaji kilo 96 za nafaka na kilo 36 za kunde. Samaki mtavua njiani pale mnaporuhusiwa, lakini msiwahesabu. Chakula cha siku 30 kiwepo chomboni wakati wote, hata kama mnanunua sokoni kila bandari.

Ukavu wa nafaka ni suala la kufa na kupona. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi, na ghala la chombo lilivyo na joto na mvuke, huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika mashariki ya Kenya, kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa, na wengi walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Nafaka yenye harufu ya uvundo au punje zilizobadilika rangi imwage. Kuosha na kupika hakuiondoi sumu. Tumia mifuko isiyopitisha hewa na uiinue juu ya ngama kwa mbao za mgrivea. Mifuko myepesi ya plastiki ya sokoni iache nyumbani, maana Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Kiseyeye hakijafa pamoja na Wareno. Mtu anayekula ugali na maharage tu kwa miezi miwili au mitatu huanza kuvimba ufizi na kuishiwa nguvu. Dawa yake ni ndimu, machungwa, maembe na mboga mbichi. Ndimu za kutosha zibebwe kutoka pwani, na kunde zioteshwe chomboni: ndengu za Mbeere zikilowekwa na kufunikwa kitambaa chenye maji huchipua kwa siku tatu, na machipukizi hayo ni mboga safi.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita nne kwa mtu kwa siku. Watu wanane kwa siku kumi za bahari wazi ni lita 320, ongeza nusu yake kwa dharura, zinakuwa 480. Zigawe katika vyombo vingi vidogo, maana pipa moja likitoboka maji yote yamekwenda.

Watu

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Amri iwe ya mmoja, na kabla ya kuondoka iandikwe nani ni nahodha, nani serehangi, nani anashika usukani zamu gani, nani mpishi, na nahodha akiugua nani anachukua nafasi yake. Mgawo wa fedha uandikwe pia. Ugomvi mwingi wa ugenini huanzia kwenye hesabu iliyopatanwa kwa mdomo.

Siku hizi mabaharia si wa pwani pekee. Nimekutana na vijana wa Embu waliovua samaki katika mabwawa ya Masinga na Kiambere, wanaojua wavu na mtumbwi vizuri. Wasidharauliwe. Lakini bwawa halina wimbi la bahari kuu, wala maji kupwa na kujaa, wala siku tatu bila kuona nchi kavu. Kila mtu, wa bara na wa pwani, aogelee mbele ya nahodha akiwa na nguo zake, na apewe koti la kuokolea linalomkaa. Katika siku tatu za majaribio utamjua anayelewa na bahari. Akiendelea kutapika siku ya tatu, huyo abaki nyumbani, na isiwe aibu kwake. Kwa anayetaka kufanya ubaharia kazi, Chuo cha Bandari Maritime Academy cha Mombasa hutoa mafunzo ya msingi ya usalama baharini.

Miraa na muguka

Sasa nifike kwenye majani. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, ni riziki ya maelfu ya familia. Nimekula katika nyumba zao na siandiki haya kuwadharau. Tena sitaki kuingia katika mabishano ya Mei 2024, gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Yule anayeona muguka umewaharibu vijana wetu ana hoja yake, na mkulima wa Mbeere ana yake. Hapa nazungumzia chombo peke yake.

La kwanza ni sheria. Linaloruhusiwa Kenya si lazima liruhusiwe Tanga. Tanzania huihesabu mirungi, ndiyo miraa hiyo hiyo, kuwa dawa ya kulevya. Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu nazo zimeikataza. Kitita kimoja kilichofichwa na baharia mmoja kinaweza kukizuia chombo kizima na kumweka nahodha mbele ya hakimu, hata kama hakujua. Huko mwenyeji hataangalia kwamba kwenu kinauzwa kando ya barabara.

La pili ni mwili. Nguvu ya majani haya iko katika ubichi wake na hupungua sana baada ya siku mbili hivi, ndiyo maana magari ya miraa hukimbia vile. Baharia aliyezoea kutafuna atakuwa macho usiku wa kwanza na wa pili, hali wala halali. Siku ya tatu majani yamekwisha, naye ana deni la usingizi, mwili mzito na hasira. Hiyo ndiyo siku mko katikati ya mkondo na zamu ya usukani ni yake. Ukitaka kumchukua, mwache akae wiki mbili bila kutafuna kabla ya safari. Akishindwa nchi kavu, baharini hataweza.

Siku ya kuondoka nahodha akague mizigo ya kila mtu, ya kwake ikiwa ya kwanza, mbele ya wote.

Karatasi na mipaka

Chombo kiwe na usajili na cheti cha ukaguzi kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kila mtu awe na pasipoti. Kitambulisho cha taifa hakitoshi kuingia Tanzania. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kichukuliwe mapema, kwani chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, kisha hudumu maisha. Kabla ya kuondoka pata kibali cha forodha na uhamiaji, na uwe na nakala tano za orodha ya mabaharia na ya mizigo. Nafaka zilizo nyingi huonekana kama biashara, kwa hiyo ziandike wazi kuwa ni chakula cha safari. Mbegu, matunda na mimea huenda vikahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS.

Mkifika, ingieni bandari rasmi kwanza. Pandisheni bendera ya manjano na ile ya nchi mwenyeji, na asishuke mtu hadi maofisa wamalize kazi yao. Msivue bila leseni. Wazee walikwenda dago Pemba na Wapemba wakaja kwetu bila kuulizana, lakini siku hizi nyavu zilizolowa ni ushahidi. Upande wa kaskazini mpaka wetu na Somalia una mgogoro. Mahakama ya Kimataifa ilitoa hukumu Oktoba 2021 na Kenya ikaikataa, hivyo usikaribie maji hayo kwa kukisia. Cabo Delgado kuna vita tangu Oktoba 2017, na huko maofisa hutumia Kireno. Usiingie bila kuuliza habari za wiki hiyo.

Chombo kiwe na redio ya baharini, na kila mtu ajue kuita msaada kupitia chaneli 16. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kwa ukanda wetu tangu mwaka 2006. Waachie jamaa nyumbani ratiba ya bandari zenu na siku ya mwisho ya kungoja simu. Ikipita, watoe taarifa bila kuchelewa.

Muhtasari kwa anayeondoka Desemba

Mwaka mmoja na nusu kabla, Juni: nunua mbao Meru na Embu zikiwa na vibali, uzitandaze kivulini.

Miezi sita kabla, Juni inayofuata: pandisha chombo, kague, kalafati, badilisha mbao.

Miezi minne kabla, Agosti: chagua watu, anza pasipoti, chanjo na mafunzo.

Miezi mitatu kabla, Septemba: nunua nafaka na kunde, zikaushe, zifunge.

Mwezi mmoja kabla, Novemba: paka deheni, fanya majaribio ya siku tatu, timiza karatasi za chombo.

Wiki ya mwisho: ndimu, viazi, maji, ukaguzi wa mizigo, utabiri wa hali ya hewa.

Kama Desemba imefika na mojawapo ya haya halijatimia, ngojeni. Kaskazi ina miezi minne, na hata ikipita, mwakani itarudi. Mto Tana hutoka huko huko milimani na kuja hadi Kipini polepole, ukipitia mabwawa matano, na bado hufika baharini. Chombo kilichochelewa mwezi mmoja bado kina safari. Kilichotoka na mbao mbichi, nafaka yenye uvundo na kitita cha muguka chini ya sitaha, sijui nani atawapa jamaa zake jibu.